Sukari Niliyoificha Katika Uji wa Baba Yako

Mwanangu Nekesa,

Umekwenda kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako na maneno yake, nina muda wa saa tatu nzima kabla hujarudi. Baba yako yuko kibandani kwake anapachika vifungo vya mwisho kwenye sare yako ya chuo. Mimi nimeketi huku nyuma ya nyumba, unga wa kesho nimeshaulowesha, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la kemia. Usininunie. Ulilitupa mwenyewe.

Sitakuandikia habari za kufuli ya sanduku, wala za kutoazima watu taulo, wala za wavulana wa huko Kisumu uendako. Hayo wanawake wa sokoni wamekueleza wiki nzima, hata wale ambao hawajawahi kulala nje ya Kampala. Mimi nataka kukuandikia habari ya uji. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Mama yako ameuza uji katika soko la Owino tangu ukiwa mgongoni, na siku unayoondoka bado anakuletea uji.

Lakini ndani ya uji huo kuna jambo nililokuficha miaka minne. Ndilo lililofanya wewe na baba yako msalimiane kama watu waliokutana kwenye foleni. Unamwambia habari za asubuhi, anakujibu nzuri mama, basi, siku imekwisha. Kesho unaondoka, na sitaki uondoke ukiwa umemkasirikia mtu ambaye hakukosa.

Acha nianze mbali kidogo.

Nilifika mji huu kutoka Machakos nikiwa na nguo tatu na binamu mmoja. Baba yako alikuwa mtaa wa Mengo, kijana wa Bungoma anayeshona sare za shule, na cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa ya kukodi. Yeye hakujua Kikamba, mimi sikujua Kibukusu, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na wewe tukakulea kwa hichohicho. Ulipozaliwa nilihitaji kazi ninayoweza kuifanya nikiwa na mtoto mgongoni. Nikanunua ndoo yenye mfuniko, nikaifunga blanketi, nikachukua vikombe kumi vya plastiki, nikaanza kuzunguka kwa wauza mitumba.

Sasa nikuambie ukweli ambao wateja wangu hawaujui. Sikuwa mpishi mzuri wa uji. Nilikuwa na haraka. Unga ulikuwa ukiingia kwenye maji, ukichemka mara mbili, naepua. Kilichoniuzia ni sukari. Mtu aliyeamka na giza kufungua marobota ya nguo hajala kitu, ukimpa utamu haulizi kingine. Nilimimina bila huruma, na walinipa jina, Mama Sukali, ndivyo walivyolitamka. Nililipenda. Nilidhani wanasifu mkono wangu.

Na kuna jambo jingine unalopaswa kulikumbuka ili unielewe, ingawa wewe na wenzako siku hizi mnaliona la kizamani. Kwetu Ukambani, kwao Bungoma, na hata hapa tulipo, mwanamke akimwekea mumewe uji mtupu mbele ya watu, amesema neno. Amesema wamegombana, au nyumba imeishiwa. Nimekua nikijua hivyo. Marehemu mama yangu alikuwa akienda kuomba sukari kwa jirani asiyemsemesha, kuliko kumpa mgeni kikombe kisicho na sukari.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano baba yako alipougua. Unakumbuka alivyokuwa akinywa maji, akiinuka, akinywa tena. Tulipanda naye hospitali ya Mulago watu watatu. Muuguzi alieleza vizuri sana, pole pole, na wewe ulisikiliza kila neno. Mimi nilikuwa nikiviangalia viatu vya baba yako tu na kuwaza nitaishije katika mji huu akifa. Ndiyo maana nikikuambia kwamba siku ile sikusikia kitu, usidhani ni kisingizio. Wewe ulirudi nyumbani ukaandika orodha kwenye kipande cha boksi, ukakibandika juu ya jiko: sukari hapana, soda hapana, mandazi hapana. Tangu siku ile wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wa jikoni.

Wiki ya kwanza nilitii. Nilimpikia uji wangu uleule, sukari nikaiacha. Alionja mara mbili, akaweka kikombe chini, akasema ameshiba. Kesho yake hivyo hivyo. Akaanza kukonda shingo, na kola za mashati aliyojishonea mwenyewe zikaanza kumpwaya. Kisha akaja baba yako mdogo kutoka Bungoma kumjulia hali. Nilimwekea uji kutoka sufuria moja na kaka yake. Akanywa kidogo, akanitazama, akamtazama kaka yake, akauliza, "Kwani hapa kuna vita?"

Baba yako alicheka, akamweleza habari ya ugonjwa. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikakaa kitandani na aibu yangu. Asubuhi iliyofuata wewe ulikuwa umeshaenda shule. Nilitia nusu kijiko kwenye kikombe cha baba yako, nikakoroga haraka, nikampelekea.

Alikimaliza.

Nusu kijiko ikawa kijiko, na kijiko kikawa viwili. Nilikuwa na hesabu zangu za kijinga: leo kidogo, kesho nitapunguza, yeye ni mtu mzima mwenye nguvu, dawa zitafanya kazi yake. Labda utanielewa siku utakayompikia mtu uliyemwogopea kifo, ukamwona anarudisha kikombe kitupu. Nilikuwa nikikishika kile kikombe nikijisikia mke bora kuliko wote wa mtaa huu. Nilikuwa nikimuumiza mtu na kufurahia, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi hata leo.

Vipimo vikapanda. Unaikumbuka ile siku ya kliniki, maana wewe ndiye uliyeshika kadi yake. Muuguzi akauliza kwa upole mzee anakula nini nyumbani, mbona tunapanda tu. Ulimtazama baba yako. Baba yako hakunitazama hata kidogo. Alisema, "Ni mimi. Huwa nakula mandazi kibandani."

Mimi nilikuwa nyuma yenu na chupa ya uji mkononi. Nilijua kuwa baba yako hapendi mandazi, yanamletea kiungulia tangu nimjue. Ungefikiri kidogo nawe ungekumbuka. Lakini ulikuwa umekasirika, na mimi nilinyamaza, na tulishuka kilima watatu.

Tangu hapo ukawa polisi wake. Ulimpekua mifuko. Ulimwambia yule mama wa chapati wa pale kona asimuuzie kitu, na yule mama akaona haya kwa niaba ya baba yako. Yeye alikuachia tu, akawa anainua mikono yake anapoingia ndani ili umpekue, kwa mzaha. Wewe hukuona mzaha. Mimi niliendelea na kijiko changu kwa majuma kadhaa mengine, kwa kuwa kukiacha ghafla kungekuwa kukiri.

Halafu ikaja ile pini. Fundi wa nguo amezungukwa na pini maisha yake yote, akichomwa anapiga kelele, anaichomoa, kazi inaendelea. Ile iliingia kwenye sapatu, ikapenya hadi mguuni, mguu wa kulia, ule wa kukanyagia, na akakanyaga cherehani siku nzima nayo. Hakuisikia, sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi. Aliiona jioni alipokuwa akinawa. Kidonda kilikataa kupona. Mwisho wake unaujua: vidole viwili.

Nakumbuka wodi ile na dirisha lake. Ulisimama kando ya kitanda ukiwa na sare ya shule, na ukamwambia, "Baba, vidole hivi umejikata mwenyewe."

Akakujibu, "Ni kweli, mama."

Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda nakunja blanketi. Nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, manne tu, mimi ndiye niliyetia sukari. Nikakuuliza kama umekula.

Hakuna daktari aliyesema ni kijiko changu kilichokata vidole vile. Baba yako naye husema ugonjwa huu una njia zake nyingi. Huenda. Mimi sijisamehe kwa huenda.

Alipotoka hospitali, siku ya kwanza wewe uliporudi shule, nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kila kitu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Nilijua toka siku ya kwanza. Ni damu yangu iliyougua, si ulimi."

Nikamuuliza kwa nini basi alikunywa. Alifunga na kufungua kifungo cha mkono wa shati. Akasema kwamba zile siku alizorudisha kikombe kikiwa na uji, na mimi pia nilikuwa sili. Nilikuwa nakaa naye na njaa yangu. Alifikiri akikataa ule utamu nitaona kwamba hata kumlisha nimeshindwa. "Ningekwambia," alisema. "Kila siku nilisema kesho nitamwambia." Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tukiahirisha, mmoja na kijiko, mwingine na kikombe, kila mtu akimhurumia mwenzake, na ugonjwa haukumhurumia mtu.

Nilisema basi nitakwambia wewe. Akakataa kabisa. Mara chache nimemwona baba yako mkali namna ile. Akasema, "Mtoto akikosana na mimi, atakula kwako. Akikosana na wewe, atakula wapi?"

Niliona ana hekima. Leo naona nilishukuru kupata pa kujificha. Ulikuwa na mitihani mwaka ule, tukasema amalize mitihani. Ukamaliza, tukasema atulie. Mwongo huwa hakosi tarehe nyingine.

Sasa nikurudishe kwenye uji, maana kuna uzuri kidogo na sitaki uusome uchungu mtupu.

Niliapa hakuna sukari tena, lakini uji wangu ulibaki uleule, na baba yako akarudi kwenye kuonja na kuacha. Nikahangaika. Nikatia mdalasini hadi nyumba ikanuka duka la dawa. Nikaponda ndizi mbivu tatu kwenye kikombe kimoja. Nikatia asali, nikijiona mjanja, na wewe ukanikamata ukaniambia asali nayo ni sukari, halafu ukageuka ukamfokea baba yako kwamba ndiye aliyeniomba. Hata hilo alilimeza.

Aliyenitoa hapo ni Hajati, yule Mnubi anayeniuzia unga wa ulezi, ambaye babu yake alikuja huku na jeshi la wakoloni. Nilikwenda kwake nikalalamika kwamba unga wake hauna ladha. Hajati hakubishana. Alinyoosha mkono akadai kikombe cha uji nilioutenga bila sukari, akanywa, akaukalisha mdomoni, akameza.

"Unga yangu haina shida," akasema. "Wewe uji yako iko mbichi. Miaka yote iko mbichi. Sukari ilikuwa inakuficha, nyabo."

Nilikasirika, Nekesa, hata lile nyabo lake la heshima halikunipoza. Watu wazima sokoni walinijua kwa uji, na huyu ananiambia hivyo mbele ya wapakuzi wa mizigo. Nilibeba ndoo yangu nikaondoka. Nilifika kwenye vibanda vya viatu nikasimama, kwa sababu nilijua ni kweli. Nikarudi. Hajati alikuwa ameshanisogezea kigoda.

Alinifundisha siku nne, na alichonifundisha unakijua, umekinywa, ila hukujua kimetoka wapi. Unga unakaangwa kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mkono usisimame, mpaka unukie karanga. Ukiuacha kidogo tu umeungua, na ulioungua haufichiki. Kisha unaloweshwa na uji kidogo uliobaki wa jana, unafunikwa, unaachwa upate ule uchachu wake. Halafu unapikwa. Hapo ndipo nilipokuwa nikidanganya. Unapikwa hasa, mwiko ukizunguka, hadi ule ubichi unaokwaruza koo uishe na uji ung'ae. Chumvi, ya kushika kwa vidole viwili. Tangawizi iliyopondwa. Ukishaepua, unatia kijiko cha odi ya simsim, yaani ufuta uliosagwa, ile laini ya wanawake wa kaskazini, unakoroga mpaka ipotee. Hakuna uchawi mwingine. Kikombe chake ni kidogo, kile alichoonyeshwa kliniki, maana ulezi nao hauliwi ovyo na mgonjwa wa sukari.

Siku ya kwanza nilipompelekea baba yako uji huo, aliushika mdomoni kwanza. Akanitazama kwa kunishuku, na alikuwa na haki. Nikamwapia kwamba hamna kitu. Akanywa tena. Akaniuliza, "Sasa ule wa miaka yote ulikuwa nini?" Nikamwambia ulikuwa maji ya sukari yenye vumbi. Tulicheka hadi akashika mbavu. Akakimaliza kikombe, akapitisha kidole ndani akakilamba.

Wewe uliingia hapo hapo. Ukaona kikombe kitupu, ukaonja mabaki ukitafuta sukari, ukakosa. Ukamwambia baba yako, "Kumbe ukiamua unaweza."

Akasema, "Naweza, mama." Akatabasamu, akainuka na mguu wake akaenda kazini. Mimi nilibaki nimeshika sufuria. Kati ya mambo yote, hilo ndilo linalonirudia ninapozunguka sokoni na ndoo zangu mbili, ya wapenda utamu na ya waliokatazwa. Hiyo ya pili siku hizi ndiyo inayoisha kwanza. Wazee wa mitumba wananiita pembeni wananiuliza nimetia nini. Nawaambia nimetia muda.

Unakwenda kusomea uuguzi. Utakuwa mzuri, una jicho na una ukali, na wagonjwa wanahitaji mtu mkali. Neno moja tu nakuomba, kwa kuwa limetoka mwilini mwangu. Siku moja atakuja mgonjwa ambaye vipimo vyake vimepanda, atakwambia nakula mandazi, na utatamani kumgombeza. Mgombeze ukitaka. Lakini kabla hujafungua mdomo, mtazame aliyesimama nyuma yake na chupa ya uji. Huyo naye anaogopa. Mwite pembeni, mpe kigoda, mfundishe kupika. Usimwaibishe, na usimwache aende na siri yake.

Nilikusudia kuitia barua hii katikati ya nguo zako uikute Kisumu. Nilijiambia utasoma vizuri ukiwa peke yako. Nimeandika hadi hapa ndipo nimeona ninachofanya: nataka uwe mbali ili nisione uso wako, na baba yako abaki hapa na hasira yako ya mwisho akiikumbuka kila anaposhona. Ningekuwa nimeahirisha tena.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukiingia tu, kabla ya chakula. Nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kunifokea, nifokee, chakula utakikuta mezani vilevile, baba yako alikosea kuogopa hilo. Ukitaka kukaa mwezi mzima bila kunipigia simu, nitalia na nitakuelewa. Sikuombi unisamehe leo.

Naomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma, usinishughulikie mimi. Vuka uende kibandani. Utamkuta ameinama kwenye sare yako, anakanyagia mguu wa kushoto ambao hadi leo haujazoea, ndiyo maana kazi ya siku moja inamchukua tatu na hajakulalamikia. Hajui kama nimeandika. Usimweleze mengi, ataanza kunitetea. Amebeba kosa langu miaka minne kwa mguu wenye vidole vitatu. Nimeshampokea mzigo. Wewe kamsalimie.

Mama yako.